Baba, Malkia Nilimtoa Mwenyewe

Baba,

Nimeshindwa. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kutoa habari mbaya. Nimecheza sataranji na granmasta, Mrusi, mtu wa daraja la juu kabisa katika mchezo huu, na nilikuwa nimemshika pabaya. Nilikuwa nashinda, Baba. Waliokuwa ukumbini wote waliona kwamba nashinda. Halafu nikashindwa, tena kwa kosa ulilonifundisha wewe. Kwa hiyo kaa sawasawa huko uliko, leo tuna maneno.

Ningekuwa na kaburi lako ningekwenda kukaa kando yake niseme yote kwa mdomo, kama wanavyofanya wenzangu. Sina. Nina kalamu, nina mlango wa kufunga, na Mama yuko sokoni. Naandika Kiswahili chetu cha kambini, kwa kuwa Kiacholi changu ulikicheka, na Kinubi cha Mama hukukiweza mpaka mwisho, ukaishia kujua majina ya vyakula tu.

Habari za nyumbani kwanza. Ulipochukuliwa, hata nguo zako hazijakauka kwenye kamba, wakaja kutuambia kota ya polisi inatakiwa. Sasa tunakaa Kawempe, chumba kimoja nyuma ya fundi wa baiskeli, na nyundo yake ndiyo inayotuamsha. Mama anauza nyanya na vitunguu soko la Kalerwe. Yule Mama aliyekuwa akiona haya kuniita kwa sauti mbele ya majirani, siku hizi anagombana na madereva wa malori ya ndizi za matooke mpaka wanampisha. Mdogo wangu Ochan amekupita kwa urefu, suruali zako zinamwishia juu ya kifundo. Sukari hatuioni ila kwa magendo, na sabuni tunaikata vipande vidogo kama dawa. Mimi nashona sare za shule. Sijaolewa, usiulize.

Na kota yetu? Anakaa dereva wa lori aliyepandishwa kuwa sajini wiki ileile uliyopotea. Mkewe alimwomba Mama amwachie mapazia, na Mama akamwachia.

Rafiki yako yule konstebo uliyemwita Ndefu alikuja kwenye meza ya Mama, nami nikiwapo, akajifanya anachagua nyanya. Bila kuinua macho akasema, "Mama Akello, wacha kutafuta. Hakuna wa kutafuta." Akalipa, akaenda. Mama alirudi nyumbani, akapika, akapakua. Mpaka jana hakuna aliyelitaja neno lile. Mama alikuwa akisema "Baba yenu akirudi", na mimi na Ochan tukiitikia "ndiyo, Mama", tukiendelea kula.

Sasa nikurudishe barazani kwetu, ujue kosa lilianzia wapi.

Ulichonga sataranji yetu kwa mguu wa kitanda kilichovunjika. Mbao zilitosha kete za pande mbili na hazikubaki hata za kijiti cha meno. Weusi uliwapaka rangi ya viatu uliyoitoa bohari, kule ulikokuwa ukigawa buti na mablanketi ya polisi, na rangi ile haikukauka kamwe. Aliyecheza weusi alijulikana kwa vidole. Mama alikuwa akitukagua mikono kama mwalimu wa zamu kabla hajaturuhusu kushika chapati. Wewe ulitoka kanisani kila Jumapili, ukavua viatu, ukapanga kete, na mimi nikajua mchana wote ni wangu.

Ulijifunza kwa inspekta mmoja Mwingereza, kabla ya uhuru, mvua zilipowafungia kituoni huko kaskazini akakosa wa kucheza naye. Alikufundisha kwa ishara na maneno machache, akahamishwa kabla hajamaliza. Yaliyobaki uliyajazia mwenyewe. Hapo ndipo penye neno langu nawe.

Wale wadogo wa mbele tuliwaita askari, na kila mmoja ulimpa kazi. Wa katikati alikuwa mlinzi wa benki. Wa pembeni kabisa ulimwita mlinzi wa choo, na ulikuwa ukimpigia saluti ukimsogeza, mimi nikicheka mpaka nabanwa na mbavu. Siku ya kwanza nilipomfikisha mlinzi wa choo mwisho wa ubao, nilikuwa msichana mdogo, nikaruka nikasema sasa awe malkia. Ukainua kidole. Nakisikia hata sasa kile Kiswahili chako cha gwaride: "Taratibu. Askari akifika mwisho iko na haki ya kupanda cheo. Lakini nafasi iwe wazi kwanza. Malkia iko hai, huyu anangoja."

Nikakubali. Kwa nini nisikubali? Ulikuwa polisi, ulijua vyeo. Na kete ya malkia wa pili hatukuwa nayo. Tangu siku ile, kwetu askari aliyefika mwisho alipewa cheo cha aliyekwisha kufa tu. Kama waliokufa ni maaskofu, basi anakuwa askofu. Kama hajafa mtu, anasimama mlangoni anangoja. Tulicheza hivyo miaka yote, na wala hatukuona kwamba kuna kasoro.

Wewe mwenyewe ulikuwa sajini tangu nizaliwe. Kila mwaka ulipiga pasi sare, ukaenda makao makuu kuuliza, ukarudi, ukaitundika sare msumarini na kumwambia Mama, "Nafasi bado." Hata siku zile jeshi lilipotwaa nchi na mambo yakageuka, watu wakalala makuruta wakaamka makapteni, wewe uliendelea kusema nafasi bado. Mama alikuwa akikuangalia tu.

Basi. Mwaka huu alikuja Mwalimu Ssali kuchukua sare za wanawe. Ni mwalimu wa hesabu, Mganda wa Nateete, mtu mpole mwenye kofia isiyovuliwa. Akaona kete zako dirishani, akaokota farasi, akachafuka vidole, akaniita bibi kwa Kiganda, akauliza, "Nnyabo, nani anacheza hii hapa?" Nikamwambia ni mimi. Akakaa palepale juu ya vitambaa tukacheza, nikamfunga, akaomba tena, nikamfunga tena. Akaniambia klabu yao mjini imebaki viti vitupu tangu Wahindi waondoke, kwa hiyo hawachagui mtu, hata mwanamke wanamkubali. Alisema hivyo kwa nia njema, nami nikaipokea kwa nia njema, ila nilimwongezea bei kidogo kwenye kola.

Mrusi alipokuja, klabu ilikodi ukumbi. Meza zilipangwa kuzunguka, sisi tukakaa nje ya mduara, yeye akawa anatembea ndani, anacheza na sisi sote kwa mpigo. Akifika mezani kwako unafanya mchezo wako, anajibu, anakwenda kwa mwenzako. Alikuwa mtu mnene mwenye soksi zinazoshuka. Nyuma kabisa walikaa wale wapelelezi wa miwani myeusi ambao siku hizi wako kila penye mkusanyiko, na sidhani walijua hata farasi anarukaje. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Nikaikalia mikono yangu kwa woga.

Lakini nilipoanza kucheza, Baba, woga ulikwisha. Nilicheza kama tunavyocheza barazani. Alinila askofu mmoja akidhani nimelala, kumbe nilikuwa namvuta. Zamu iliyofuata nikamla farasi wake, na zamu mbili zilizofuata nikala askari wawili bila kulipa kitu. Watu waliokwisha kushindwa wakaanza kuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikasikia Mwalimu Ssali akinong'ona "banange, banange", jamani jamani kwa lugha yao. Na pembeni kabisa, taratibu, mlinzi wa choo alikuwa anatembea, na Mrusi hakuwa na wa kumzuia. Akafika hatua moja kabla ya mwisho.

Mrusi alikuja, akatazama, akajikuna sikio. Akavuta kiti akakaa. Hakuwa amekaa kwenye meza ya mtu yeyote siku ile. Mwishowe akasogeza malkia wake, bila raha, akainuka kwenda kwa wengine, nami nikapata mzunguko mzima wa kufikiri kabla hajarudi.

Nikafikiri kama ulivyonifundisha. Malkia wangu yuko hai. Aliyekufa ni askofu. Kwa hiyo askari huyu, akifika, atakuwa askofu. Askofu wa nini mimi? Nilitaka malkia, na malkia alikuwa amekalia nafasi. Nikakuna kichwa mpaka nikaona njia, na nilivyoiona nikajipongeza moyoni. Malkia wangu atamla farasi wake wa pili, malkia wake atalazimika kumla malkia wangu, nafasi itakuwa wazi, na mlinzi wa choo atapanda. Hesabu ilikuwa nzuri. Niliona hata fahari, Baba, nikawaza, laiti ungekuwepo.

Aliporudi nikafanya hivyo. Nikamchukua malkia wangu kwa mkono wangu nikampeleka kufa. Nyuma yangu mtu akavuta pumzi. Mrusi alinitazama kama unavyomtazama mtu anayemwaga maziwa yake mwenyewe. Kisha akamla malkia wangu, polepole, karibu kwa huruma, na malkia wake aliposimama pale alikuwa mstari mmoja na mfalme wangu. Ule mstari sikuwa nimeuona. Macho yangu yote yalikuwa kwenye nafasi.

Ilibidi nimkimbize mfalme. Na wakati nikimkimbiza, malkia wake akashuka moja kwa moja hadi pembeni, akamla mlinzi wa choo hatua moja kabla ya cheo chake.

Yaliyofuata hayana maana. Nilicheza mpaka nikamlaza mfalme kukubali kwamba nimeshindwa, tukapeana mikono, na mkono wake ulikuwa wa moto. Nilidhani atakwenda. Badala yake alizirudisha kete zilivyokuwa kabla ya kosa langu, akamwita Mwalimu Ssali atafsiri Kiingereza chake kibovu kwenda Kiswahili. Akamsogeza mlinzi wa choo hadi mwisho. Akachukua malkia kutoka meza ya jirani ambako mchezo umekwisha, akamweka pale. Malkia wawili, wote wangu, wamesimama ubao mmoja. Nilidhani ananitania. Nikasema hapana, malkia wangu yupo. Mwalimu Ssali akashika kofia yake kwa kunihurumia: "Bambi, nnyabo! Hata kama iko, unapata ya pili. Hata ya tatu!"

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha. Mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyenifundisha ujinga huo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kiti na kila kitu.

Nilirudi Kawempe kwa miguu nikikutukana. Ndiyo, wewe. Nilikuambia ungekubali tu kwamba hujui. Nilikuambia inspekta wako alihamishwa na akili zako akaondoka nazo. Watu walinipisha njia wakidhani nina kichaa. Nilikuwa na hasira kwamba umenifungisha, na hasira zaidi kwamba siwezi kuja kukuuliza, ukaona haya, ukajikuna shingo kama ulivyokuwa ukifanya, tukacheka yakaisha. Hapo karibu na Kalerwe nililia. Sikulia sana siku zile ulipotoweka, nililia kwa ajili ya sataranji. Binadamu sisi ni watu wa ajabu.

Mama nilimkuta akitenga nyanya mbovu na nzima. Nikamweleza yote, na kanuni yako nikamweleza. Alicheka, Baba. Alicheka mpaka akakaa chini, kitenge mdomoni, akisema, "Nafasi! Hata kwenye mchezo, nafasi!" Kisha kicheko kikamwishia ghafla. Akaokota nyanya, akaitazama pande zote, akasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Alingoja mtu atoke ili aingie. Wenzake hawakungoja. Walimtoa yeye." Akaendelea kutenga nyanya.

Nilikaa pale na kuelewa nilichokifanya. Ndivyo vyeo vinavyopatikana mjini kwetu siku hizi: mtu anaondolewa, mwingine anakalia kiti chake, na mapazia anaachiwa. Nami nimemtoa wangu mwenyewe, kwa mkono wangu, huku najiona mwerevu. Sikulala vizuri. Lakini hasira juu yako iliniisha. Hukunidanganya. Ulinifundisha dunia kama ulivyoiona kutoka kwenye lile dirisha la bohari, na kwa miaka mingi dunia ile ilikuwa na haki zaidi kidogo kuliko hii, mtu alikuwa anangoja tu, haui. Ila ulikosea, Baba. Nakuheshimu, na ulikosea.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu sikukuandikia ili nilie.

Wakenya wanakuja kucheza na klabu yetu. Nilikwenda kwa mwenyekiti, daktari mmoja mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa, nikamwomba nami nicheze. Akanipa kiti. Akanisifu kwa mchezo wa Mrusi, akasema nilikuwa na bahati mbaya. Kisha akasema, "Lakini nnyabo, timu imejaa. Tungoje. Mtu akitoka, nafasi ikiwa wazi, tutakuita."

Baba, nilicheka mbele yake. Sikuweza kujizuia. Alishtuka, akaangalia kama shati lake limefunguka. Zamani ningesema asante, daktari, nikarudi nyumbani kungoja mtu augue. Nikamwambia, "Simtaki mtu yeyote atoke. Ongezeni meza."

Akasema haiwezekani, kwa kuwa Wakenya nao itabidi waongeze mchezaji. Nikamwambia basi waulizwe. Akasema si utaratibu. Nikamwambia simu ipo hapo, mimi nina siku nzima, na sare za shule zinaweza kungoja zaidi kuliko mimi. Mwalimu Ssali, ambaye nilikuwa nimemvuta aje kunisindikiza, aliangalia dari muda wote kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Lakini ndiye aliyeinuka akainyanyua ile simu.

Wakenya walicheka wakasema wanaye mchezaji wa akiba anayewalia chakula bure, wataona raha akipata kazi. Ikawa hivyo. Meza imeongezwa. Iko mwisho kabisa, karibu na mlango wa jikoni, na nimeambiwa vikombe vitakuwa vinapita juu ya kichwa changu. Sijali. Wapitishe hata sufuria.

Tangu hapo kila jioni nacheza na Ochan kabla taa haijakwisha mafuta. Malkia wa pili tunamfanyia rili tupu ya uzi. Mara ya kwanza alipompata, Ochan alishangilia mpaka fundi baiskeli akagonga ukuta. Mimi mkono wangu bado unasita, Baba. Askari akifika mwisho, kwanza naangalia nani amekufa. Halafu najikumbusha, namsogeza, naiweka rili ubaoni. Jana nilifanya hivyo bila kusita hata mara moja, nikamfunga Ochan, akasusa chakula.

Mchezo ni kesho. Mama amesema atafunga meza yake ya sokoni aje kutazama, ingawa hajui sataranji na mjini hajatia mguu tangu tuliposimama kwenye yale mageti ya jeshi kuulizia habari zako, tukafukuzwa. Ameitoa gomesi yake, lile gauni la Idi, ameipiga pasi. Asubuhi hii kabla hajatoka aliniuliza, wakinishinda tena nitafanyaje. Nikamwambia nitaomba meza mara nyingine. Akasema vizuri. Kisha, akiwa amekwisha kubeba kikapu, mgongo umenielekea, akasema, "Baba yako, Mungu amrehemu, angekuja na sare." Akatoka.

Mungu amrehemu. Amelisema. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na sindano mdomoni. Kwa hiyo nami niliandike, nisije nikawa wa mwisho kungoja: umekufa, Baba. Hurudi. Hukuhamishwa, hukusafiri, hutapiga hodi ukiulizia chai. Umekufa, na waliokuua wanakula mishahara yao, na mimi ni binti yako, na niko hai.

Nakuahidi haya. Kesho sitatoa chochote changu ili kingine changu kipite. Askari wangu akikaribia mwisho, nitamsogeza. Nikishindwa, nitashindwa kwa makosa yangu mapya, siyo kwa lile lako. Wakiuliza nani alinifundisha, nitasema Sajini Odoch wa bohari, kwa sauti, hata kama miwani myeusi imejaa ukumbini, na nitaongeza kwamba alinifundisha yote isipokuwa kitu kimoja.

Lala salama, Baba yangu. Kiti chako sitamwachia mtu, na mimi mwenyewe sitakikalia. Kesho nakwenda kukaa kwenye changu.

Mwanao,
Akello